Keki ya mashindano na joto la Dar

Shindano la kupamba keki linaanzia kwenye karatasi ya masharti. Isome mara mbili, kalamu mkononi. Tafuta ukubwa wa ubao wa chini, saa ya kufikisha, kama unaruhusiwa kupamba povu gumu la kufungashia vitu lililokatwa umbo la keki badala ya keki halisi, na kama kila pambo ni lazima liliwe. Wakisema liliwe, utepe wa dukani na lulu za plastiki ziache nyumbani. Nimeona wenye mikono mizuri kuliko yangu wakiondolewa kwa utepe tu.

Halafu chora. Mimi nachora kwa ukubwa wenyewe kwenye karatasi la kaki, nalibandika ukutani siku mbili nikiliangalia kila nikipita. Picha za mtandaoni majaji wameshazichoka. Fungua kabati la mama. Keki yangu ya kwanza ya mashindano niliitoa kwenye kisutu, khanga ya maharusi: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Pindo likazunguka chini ya kila ghorofa, mji ukakaa ubavuni, jina nikaliandika kwa ncha ya brashi.

Nilimaliza usiku wa manane, Februari, nikaogopa joto nikaiweka kwenye friji. Asubuhi nilipoitoa, hewa ya Kigamboni na unyevu wake wa bahari ikakutana na fondanti ya baridi, ile sukari laini inayokandwa na kusukumwa kama chapati kuvika keki, keki ikatoka jasho kama chupa ya soda. Sukari ikilowa haishiki rangi. Nyekundu ikateremka juu ya nyeupe mistari mitatu, mmoja ukapita katikati ya jina. Nililia pale pale jikoni.

Siku hizi keki ikishavikwa fondanti inalala kwenye katoni, chumba kikavu, feni imewashwa. Ikilazimika kuingia friji, inaingia na katoni yake imezibwa kwa selotepu, na nikiitoa sifungui mpaka ubaridi uishe kabisa. Jasho linabaki kwenye katoni. Chini ya fondanti napaka chokoleti iliyochanganywa na krimu, maana siagi yetu hapa inalegea kabla hujafika ukumbini. Nyekundu na nyeusi nazikanda siku moja kabla, kwa rangi ya jeli, si ya maji. Maua ya sukari tia unga wa CMC, unaofanya sukari ikaze na kukauka upesi, na uanze wiki nzima mapema. Masika yape zaidi.

Njiani, kila ghorofa iwe na katoni yake, uzipange ukifika, zikishikiliwa na vijiti vya mishikaki. Weka sakafuni mwa gari, kwani kiti kimeinama. Mimi navuka na pantoni ya alfajiri, kabla foleni haijajaa. Beba fondanti ya akiba ya kila rangi, brashi, kitambaa kisafi na pimamaji ndogo ya mafundi, kwa sababu meza za ukumbini mara nyingi zimelala upande.

Ukimaliza kupanga, zunguka uangalie nyuma ya keki. Majaji nao watazunguka.