SOMO: Modeli yako ya kisukari inatoa 90%? Pitia hapa kwanza kabla hujanifuata

Wakuu habari za jioni. Wiki hii nimefuatwa na watu wanne na swali lile lile: modeli yangu (programu inayojifunza kutoka kwenye data) inatabiri kisukari kwa usahihi wa 90%, ni sawa? na wiki iliyopita hivyo hivyo, kwa hiyo naandika mara moja hapa, mwenzako akikuuliza mtumie hii.

Data tunayoongelea ni ile ya Pima, wanafunzi wengi wanaanzia hapo. Mistari 768, kila mstari ni mwanamke mmoja wa miaka 21 kwenda juu, wa jamii ya Pima, karibu na Phoenix kule Arizona, Marekani. Safu 8 za vipimo, ya 9 ni jibu: 1 aligundulika na kisukari ndani ya miaka 5, 0 hakugundulika.

HATUA 1. Pakua faili la CSV (jedwali la maandishi), lifungue kwa pandas, maktaba ya Python ya kusoma majedwali. Laptop ikiwa nzito tumia Colab, Python ya Google ya mtandaoni, hata kwenye simu inakubali.

HATUA 2. Hesabu mistari. Ikiwa sio 768 pakua upya.

HATUA 3. Tafuta sifuri. Hapa mimi nimeshaungua kwa hiyo tulieni kidogo. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa na data ya kliniki moja hapa Dar, nikapewa kwa kibali, nikaikimbiza moja kwa moja kwenye modeli bila hata kuisoma, wiki mbili nzima nachora grafu, siku ya kwenda kuwaonyesha wenyewe kulikuwa na muuguzi mmoja mama mtu mzima, akavaa miwani yake, akaweka kidole kwenye kioo cha laptop mstari wa tatu, akaniuliza, "Mwanangu, huyu presha yake sifuri, alifikaje dirishani?" Sikuwa na jibu. Tukafuata daftari, kumbe siku ile mashine ya presha ilikuwa mbovu, kwenye daftari pameachwa wazi, aliyekuja kuingiza kwenye kompyuta programu ikamkatalia pa wazi, akaweka 0. Wiki mbili zangu zote zikawa hazina kazi, na kibaya zaidi ningeweza kuwaachia wale watu kitu cha uongo wakapimie wagonjwa.

Sasa Pima ina ugonjwa huo huo. Glukosi ina sifuri 5, presha 35, unene wa ngozi 227, BMI (uzito kulinganisha na urefu) 11, na insulini 374. Watu 374 kati ya 768! Hakuna binadamu mzima mwenye BMI ya 0. Hizo ni nafasi zilizoachwa wazi, zigeuze ziwe wazi kweli (df ni jedwali ulilofungua, np ni numpy):

safu = ["Glucose", "BloodPressure", "SkinThickness", "Insulin", "BMI"]
df[safu] = df[safu].replace(0, np.nan)

ONYO: usifanye hivi kwa faili zima. Safu ya mimba sifuri yake ni ya kweli, kuna wanawake hawajawahi kubeba mimba. Na safu ya jibu ukiigusa umefuta wote 500 ambao hawakugundulika.

HATUA 4. Gawanya kwanza, ndio ujaze. 614 wa kufundishia, 154 wa kupimia, na weka stratify ili uwiano wa 1 na 0 ubaki sawa pande zote mbili. Midiani (namba ya katikati) ya kujazia itoke kwa wale 614 tu. Ukiitafuta kwa watu wote 768, modeli imeshawachungulia wale 154, ni mtihani uliovuja hata kama umevuja swali moja.

ONYO la pili, na hili ndio chanzo cha zile 90% zenu: kuna skripti zinazunguka zinajaza insulini kwa midiani mbili, waliogundulika 169.5, wasiogundulika 102.5. Fikiria hapo. Karibu nusu ya watu hawana insulini, wewe umewapa namba kufuatana na jibu lao. Modeli ikiona 169.5 inajua huyu anao, haihitaji kuangalia kingine chochote. Umeandika jibu ndani ya swali. Na mgonjwa wa kesho ukikaa naye mezani utamjazia ipi, wakati jibu lake ndilo unalolitafuta?

HATUA 5. Weka kujaza, kusawazisha (vipimo vyote viwe kwenye kipimo kimoja) na modeli kwenye Pipeline moja, yaani mnyororo wa hatua, ya scikit-learn, maktaba ya Python ya kufundisha modeli. Anza na logistic regression, modeli rahisi ya kutabiri ndio au hapana.

HATUA 6. Pima. Modeli inayosema "hana" kwa kila mtu inapata 65% bila kazi yoyote, kwa hiyo usifurahie 68. Kwenye wale 154 wako 54 walio na 1, hesabu umewakamata wangapi, hao ndio watu wenyewe.

MASWALI

mtoto_wa_temeke: mkuu naomba skripti nzima
Iko hapo juu kwa vipande, unganisha. Ukikwama niambie umekwama wapi.

kijana_sinza: Mimi nimepata 91 na supervisor kakubali, kwa hiyo njia yako ndio mbovu labda
Umejazaje insulini?

kijana_sinza: kama kwenye ile skripti, kwa jibu
Soma ONYO la pili tena, taratibu. Mwaka 1988 Smith na wenzake waliifundisha ADAP, modeli yao ya wakati huo, kwa watu 576 wa data hii hii, wakaipima kwa 192, wakapata 76%. Ukipita hapo mbali sana, jikague wewe kwanza.

dada_Kigamboni: Shikamoo kaka. Insulini ikiwa karibu nusu haipo, si bora kuitoa kabisa? Halafu kule kukosekana kwenyewe si kunaweza kuwa na maana, labda daktari hakuagiza kwa sababu mgonjwa alionekana mzima?
Marahaba dada, swali zuri sana hili. Jaribu zote tatu: itoe, jaza midiani, au jaza halafu ongeza safu mpya ya 1 na 0 inayosema "hakupimwa". SimpleImputer, kijazaji cha scikit-learn, inafanya hilo ukiwasha add_indicator. Tumia cross-validation ya mikunjo 10 (gawanya data mafungu 10, kila fungu lipimiwe zamu yake) kulinganisha maana watu 154 ni wachache, namba inaruka ukibadilisha mgawanyo tu. Ukimaliza weka matokeo hapa tuyaone wote.

mpimaji77: Naweza kuandika kwenye tasnifu kwamba inatabiri kisukari kwa wakazi wa Dar?
Hapana. Ni wanawake wa Pima. Ukitaka Dar tafuta data ya Dar, na uanze na kibali cha maadili NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na usome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya zina ulinzi wa ziada.

fundi_mikono: Nje ya mada kidogo, mimi nahangaika na mkono wa roboti, unaoongozwa na PID (kontrola inayosahihisha kosa la mkao). Kuna wakati unaruka ghafla unagonga meza. Hiyo sifuri yako imenishtua, maana nikiangalia logi ya pembe ya kiungo naona nyuzi 74, 74, 0, 0, 74
Ndio hiyo hiyo ndugu yangu! Waya wa enkoda, kihisi kinachosoma pembe, unalegea, inasoma 0, kontrola inadhani mkono umeanguka, inasukuma kwa nguvu zote, na sehemu ya I ya PID, inayojumlisha makosa yaliyopita, inaendelea kujaa, kwa hiyo hata usomaji ukirudi bado inasukuma. Kiungo chako kinaenda kasi gani na unasoma mara ngapi?

fundi_mikono: mwisho nyuzi 180 kwa sekunde, nasoma kila milisekunde 10
Basi kwa duru moja (kati ya usomaji na usomaji) hakiwezi kuzidi nyuzi 1.8. Kutoka 74 kwenda 0 haiwezekani, usomaji huo utupe, shikilia wa mwisho mzuri, na I uigandishe usiijaze. Zikija mbaya tano mfululizo zima mota. Halafu kabla ya yote kaza ile soketi ya enkoda, waya uufunge na zip tai karibu na kiungo usivutwe mkono ukikunja.

fundi_mikono: Nimeukaza sasa hivi, dakika ishirini haijaruka. Ngoja niweke na ile ya 1.8
Weka leo leo, usingoje ulegee tena.