Kusoma hewa ya Malindi kabla ya kuwasha injini

Ripoti ya hewa ya uwanja wa Malindi huandikwa kwa saa za Zulu, yaani saa za dunia (UTC, alama yake Z), na hapo ndipo mwanafunzi wa urubani hukosea kwanza. Huongeza tatu kupata saa ya Afrika Mashariki, kisha akatoa sita kupata saa anayoitaja kwa kinywa chake. Toa tatu tu. 0600Z ni saa tatu asubuhi, 0900Z ni saa sita mchana, 1200Z ni saa tisa. Ni jambo dogo, lakini pwani hii saa ndiyo nusu ya hewa. Noti 14 (maili za baharini kwa saa) za saa tatu asubuhi na noti 14 za saa kumi na moja jioni si upepo mmoja: wa asubuhi bado unapanda, wa jioni umeshaanza kulala.

Huu ni mfano wa ripoti ya Julai, tumeutunga kwa kufundishia:

METAR HKML 150600Z 20014KT 9000 -SHRA SCT016 27/23 Q1015 NOSIG

METAR ni ripoti ya hewa ya uwanja, HKML ni Malindi. Tarehe 15, saa tatu asubuhi. Upepo watoka digrii 200, yaani kusini ukielekea kidogo magharibi, kwa noti 14. Upepo huitwa kwa unakotoka, kama mabaharia wetu wanavyosema kusi na kaskazi, kwa hiyo mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa hilo mara mbili. Macho yaona kilomita 9, kuna manyunyu mepesi ya kupita, mawingu yamefunika nusu ya anga au chini ya hapo kwa futi 1,600. Joto ni 27, kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka maji, ni 23, kanieneo (mgandamizo wa hewa) ni hektopaskali 1015. NOSIG maana yake hakuna badiliko kubwa linalotazamiwa katika saa mbili zijazo.

Kabla ya kuiamini ripoti, ipime yenyewe kwa yenyewe. Toa umande katika joto, kisha zidisha kwa 400: 27 kutoa 23 ni 4, mara 400 ni futi 1,600. Kitako cha mawingu kinakubaliana. Kama ripoti ingesema futi 3,000 huku joto na umande vimeachana kwa digrii 3 tu, ungejua kwamba mawingu ya chini yaweza kuzaliwa wakati wowote, na ungeuliza mnara tena kabla ya kuondoka.

Upepo na njia ya kurukia

Malindi ina njia mbili zinazokatana kwa mwelekeo: 17/35, yenye takriban mita 1,400, na 08/26, yenye takriban mita 1,000. Namba ya njia ni mwelekeo wake kwa makumi ya digrii: 17 ni digrii 170. Hakikisha kwenye ilani za siku hiyo ipi iko wazi. Upepo wa ubavuni upigie hesabu kichwani bila kikokotoo. Tofauti ya digrii 15 kati ya upepo na njia hukupa robo ya kasi ya upepo ubavuni, digrii 30 nusu, 45 robo tatu kwa tahadhari, na 60 kwenda juu hesabu upepo wote. Katika mfano wetu, ukitua 17, tofauti ni 30, basi noti 7 zakupiga kutoka kulia. Bawa la upande wa joshi, unakotoka upepo, lishushwe kidogo, na kanyagio la kushoto lishike pua ifuate mstari. Gurudumu la kulia liguse kwanza, na usiliachilie bawa baada ya kugusa, maana ndege nyingi ndogo huharibiwa katika sekunde zinazofuata pale rubani anapodhani kazi imekwisha.

Ikiwa ripoti ina herufi G, yaani upepo wa vishindo, kama 18012G24KT, hesabu ya ubavuni fanya kwa 24, si kwa 12. Kwenye kasi ya kuingia ongeza nusu ya tofauti, hapa noti 6. Ukiongeza zote 12 utaelea mpaka njia ikuishie.

Msimu hugeuza hesabu hii yote. Wakati wa kusi, takriban Mei hadi Septemba, asubuhi umande, hapa maana yake upepo utokao nchi kavu, huupinda upepo uje kutoka kusini-magharibi. Jua likishapanda, bahari huuvuta uje kusini na kusini-mashariki na kuutia nguvu. Njia ya 17 inauchukua vizuri mchana kutwa. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, ni jambo jingine. Alasiri upepo huweza kuja digrii 060 kwa noti 15, na kwa 35 tofauti ni 70: karibu wote uko ubavuni. Hapo 08 ndiyo njia yako, tofauti 20 tu, lakini ni fupi. Fanya hesabu ya umbali wa kutua ukiwa mezani, usiifanye ukiwa fainali, umeshanyooka kutua.

Asubuhi tulivu ina mtego wake. Anayekuja kutoka Mombasa huiona 35 imenyooka mbele yake na kuona uvivu wa kuzunguka. Upepo wa nyuma ulio sawa na sehemu ya kumi ya kasi ya kutua huongeza umbali kwa asilimia 20 hivi, na lami iliyolowa huongeza nyingine 15. Ndege inayotua kwa noti 60 na kuhitaji mita 450, ikipata noti 6 za nyuma na lami yenye maji, itataka mita 621. Zunguka.

Uwanja wa akiba uko upande wa upepo

Hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Kimbilio la Malindi ni Mombasa, maili 57 za baharini, uelekeo wa digrii 212 hivi. Wakati wa kusi hiyo ni safari ya kupanda upepo. Na juu upepo ni mkali kuliko chini: mkondo wa upepo wa Somali hupita pwani hii Juni hadi Agosti, na alfajiri soksi ya upepo yaweza kulala chini huku futi 2,000 kukiwa na noti 25. Ndege ya noti 100 hewani, ikikabili upepo wa digrii 180 kwa noti 25, hupoteza noti 21 za mbele. Dakika 34 zinakuwa 43. Ongeza dakika 30 za akiba ya mchana: 73. Kwa injini inayokunywa lita 35 kwa saa, ni karibu lita 43 unazopaswa kuwa nazo juu ya Malindi, kabla hujahesabu kupanda tena baada ya kushindwa kutua. Geji ikisoma chini ya hapo, uamuzi wa kwenda Mombasa ulipaswa kufanywa mapema.

Manyunyu ya kusi hutoka baharini, mara nyingi usiku na alfajiri, na Mei ndiyo huwa na mvua nyingi kuliko miezi yote. Mvua iliyo maili 12 nje, ikisukumwa kwa noti 20, inafika baada ya dakika 36. Nyingi hupita haraka, kwa hiyo kusubiri ni busara kuliko kujipenyeza. Lakini usisubiri upande inakoelekea mvua, maana itakufuata. Izunguke kwa mbali, ukae upande ilikokwisha pita, karibu na ufuo kiasi cha kuufikia injini ikizima. Wingu la radi, CB kwenye ripoti, lipe angalau maili 10, na likiwa kubwa 20. Upepo hugeuka mbele yake kabla hata tone halijaanguka.

Joto, na injini ya kabureta

Marubani wanaotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, futi 5,500 na kitu juu ya bahari, hushuka Malindi wakidhani nguvu ni bure. Siku ya nyuzi 32 na kanieneo 1010, hesabu iko hivi: uwanja uko futi 80 hivi, ongeza 90 kwa kanieneo, kisha digrii 17 juu ya kiwango cha kawaida cha 15 mara 120, jumla ni karibu futi 2,200. Ndege yako inajihisi iko huko, na unyevu huzidi kuipunguzia.

Barafu ya kabureta hapa si hadithi ya nchi za baridi. Joto 27 na umande 23 ni hewa iliyolowa, na ukipunguza gesi kushuka barafu hujengeka upesi. Mizunguko ikianza kuanguka polepole bila wewe kugusa kitu, vuta joto la kabureta lote, si nusu. Injini itakohoa maji yanapopita. Vumilia, usilirudishe.

Ukikaribia, ipime ripoti kwa macho. Nje ya mwamba, povu jeupe likitokea hapa na pale, upepo ni noti 7 hadi 10. Likiwa jingi, ni 11 hadi 16. Tazama matanga yameelemea wapi, kisha soksi ya upepo. Vikitofautiana na ripoti, amini unachokiona, uliza mnara upepo wa sasa hivi, na uhesabu ubavu upya kabla ya kugeuka fainali.