Git kwa timu ya Windows, Mac na Linux: anzeni na miisho ya mistari

Wiki iliyopita kijana tunayefanya naye kazi alinipigia: “Kaka, nimegusa mstari mmoja tu, kiwango cha VAT, mbona Git inasema nimebadilisha faili zima?” Yeye anatumia Windows, wawili wetu Mac, seva ni Linux, na Git ndiyo inatutunzia historia ya mabadiliko ya msimbo. Programu yake ya kuandikia msimbo ilikuwa imegeuza miisho yote ya mistari (alama zisizoonekana zinazofunga kila mstari), na ile 0.16 iliyokuwa 0.18 ikazama ndani ya mistari 1,842. Nani atapitia hayo?

Windows humaliza mstari kwa alama mbili, CR na LF, urithi wa teleprinta: CR ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, LF ikasogeza karatasi. Linux na Mac za leo hutumia LF peke yake.

Hatua ya 1. Kwenye mzizi wa repo (folda ya mradi inayosimamiwa na Git) weka faili la `.gitattributes` lenye mistari hii, kisha fanya komiti, yaani hifadhi mabadiliko kwenye historia:

```
* text=auto eol=lf
*.bat text eol=crlf
*.png binary
```

Wengi watakwambia kila mtu aseti `core.autocrlf`, mpangilio wa Git wa kugeuza miisho, kwenye mashine yake. Sikubali kabisa. Sheria ya timu ikae ndani ya repo, isitegemee kumbukumbu ya aliyeajiriwa jana.

Hatua ya 2. Safisha faili za zamani:

```
git add --renormalize .
```

Usikimbilie. Matawi yote yaliyo wazi (kazi zinazoendelea kando) yaunganishwe kwanza. Mimi niliiendesha matawi matatu yakiwa bado nje, yakarudi na migongano faili baada ya faili, na siku nzima ikaishia hapo. Tawi lisiloweza kusubiri liunganishe kwa `git merge -Xrenormalize`.

Kabla ya komiti, endesha:

```
git diff --cached --ignore-cr-at-eol
```

Isipotoa kitu, kilichobadilika ni miisho tu. Ikitoa hata mstari mmoja, simama: kuna kazi nyingine imeingia humo, itoe. Komiti hii iwe peke yake, bila hata nukta ya ziada, kwa sababu namba yake utaiandika kwenye `.git-blame-ignore-revs`, faili la komiti za kurukwa. Halafu kila mtu aendeshe hii (inahitaji Git 2.23 au mpya zaidi):

```
git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs
```

Bila hiyo, `git blame`, amri inayoonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho, itakutaja wewe kwenye mistari ambayo hukuiandika, na mwenzako akitafuta mwaka ujao kwa nini hesabu fulani iliwekwa, atagonga ukuta.

Mwisho, kila mtu asukume kazi yake, afute folda, aklone upya. Hakikisha miisho imekaa sawa kwa `git ls-files --eol`.

Hatua ya 3. Skripti iliyoundwa Windows haina ruhusa ya kuendeshwa:

```
git update-index --chmod=+x sambaza.sh
```

Hatua ya 4. Majina ya faili yawe herufi ndogo tupu. Kwa kawaida Windows na Mac huona `Ankara.js` na `ankara.js` kuwa kitu kimoja. Linux huona viwili, na programu inayokwenda vizuri mezani kwako hugoma kwenye seva. Badilisha jina kwa `git mv`, usipitie kwenye dirisha la folda.