Mbunge wako hakupiga kura? Piga hesabu kabla hujamsamehe

Kila Bunge la Kitaifa la Kenya linapomaliza kura nzito, kina mama wa chama chetu hapa Mtwapa huniuliza: "Yule wetu alipiga wapi?" Mara nyingi hakuwemo ukumbini. Wakisikia hivyo wengi hupoa, wakiona asiyekuwepo hana lawama. Mimi sikubaliani nao. Kuna siku kiti kitupu ni sawa kabisa na kura ya La, na kuna siku hakibadilishi chochote. Ni lazima ujue siku hiyo ilikuwa ipi.

Kwanza uliza: ushindi unahesabiwa kutoka kwa nani? Kifungu cha 122 cha Katiba kinasema kawaida hoja hupita kwa wingi wa wabunge waliopo na wanaopiga kura. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Spika hana kura wala hahesabiwi, kwa hiyo hesabu zetu tunazifanya kwa wabunge 349. Katika kura ya namna hii, aliyebaki nyumbani na aliyekaa ukumbini akajizuia ni mamoja: hawaingii upande wowote. Akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiendelee, ni wabunge 50 tu, kwa hiyo sheria ya kuwagusa Wakenya wote inaweza kupitishwa na wachache mno.

Chukua Mswada wa Fedha wa tarehe 25 Juni 2024. Walioukubali walikuwa 195, waliokataa 106, na kura 3 ziliharibika. Toa hizo kwenye 349, wanabaki kama 45. Watu waliwakasirikia sana hao 45, na kwa haki, lakini tuwe wakweli: hata wote wangeingia wakasema La, wangefika 151. Mswada ungepita vilevile.

Hesabu hugeuka pale Katiba inapodai theluthi mbili ya wabunge wote. Hapo kinachotafutwa ni Ndio 233, basi. Aliyekataa, aliyejizuia, aliye safarini, aliye mkahawani akinywa chai, wote wanapunguza kitu kilekile. Kubadilisha Katiba ni hivyo. Kupitisha upya mswada uliorudishwa na Rais bila kukubali mapendekezo yake ni hivyo pia, na ndiyo maana mahudhurio mabaya siku hiyo ni zawadi kwa Ikulu.

Hapa ndipo sisi wanawake tulipoumizwa. Mswada wa kutekeleza kanuni ya jinsia, ile inayosema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, ulipopigiwa kura Aprili 2016, waliouunga mkono walikuwa 195 na waliopinga walikuwa wachache sana. Kwa kura ya kawaida tungeshinda mchana kweupe. Ulianguka kwa upungufu wa kura 38. Februari 2019 mambo yalikuwa mabaya zaidi: ukumbini walikuwemo wabunge 174, pungufu ya 59. Mbunge hakuhitaji hata kusimama aseme anawakataa wanawake. Alihitaji tu kutoonekana, kisha arudi kijijini akatuambie yuko nasi.

Linganisha na hoja ya kumwondoa Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu wa Rais, Oktoba 2024: Ndio zaidi ya 280, La 44, mmoja akajizuia. Kiwango kilikuwa kilekile, 233. Kwa hiyo, watu wakitaka, hufika.

Seneti ina mtego wake. Kwa mambo ya kaunti, kila kaunti ina kura moja, na hoja hupita ikiungwa mkono na wingi wa kaunti zote 47, yaani kaunti 24. Kaunti isiyopiga kura imeshaongeza uzito upande wa La.

Ukitaka kumfuatilia wako, tafuta Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya siku hiyo. Kura ikipigwa kwa kuita majina, utaona waliosema Ndio, waliosema La na waliojizuia. Asiyekuwepo mtambue kwa kukosekana: pitia orodha zote kwa kalamu, jina kwa jina. Kura ya sauti haikusaidii, kwani haina majina.

Usimhukumu kwa siku moja. Watu huugua, hufiwa, hutumwa kazi. Anayekosa vikao 8 katika kipindi kimoja bila ruhusa ya maandishi ya Spika, wala sababu ya kuridhisha, anaweza kupoteza kiti. Lakini akionekana kwenye kura za kawaida na kutoweka kila kura ya 233, mna jambo la kuzungumza naye.

Mkimpata barazani, msimwulize, "Mbona hukuenda?" Atawaambia alikuwa na kazi nyingine na yataishia hapo. Mwulizeni hivi: "Mheshimiwa, mswada ule ulihitaji kura 233 na yako haikuwemo. Ulitaka uanguke?" Akijibu, katibu aandike jibu lake na tarehe kwenye daftari la chama.