Kamera ya Zawadi kwa Mtu Anayepiga Picha kwa Kuchungulia

Baba alipoitoa kamera kwenye boksi, aliipeleka moja kwa moja kwenye jicho la kulia, akafumba la kushoto, kisha akabaki hivyo. Hapakuwa na pa kuchungulia. Nilikuwa nimemnunulia kamera ndogo nzuri ya skrini tu, na yeye kwa miaka mingi alipiga picha kwa Nikon FM2 ya filamu. Akaishusha, akatafuta miwani yake ya kusomea, akanyoosha mikono mbele kama anayesoma gazeti. "Nzuri, mwanangu," akasema. Miezi miwili baadaye nilimkuta nayo ingali kwenye boksi lake.

Safari ya pili nilichagua vizuri zaidi, na tangu hapo nimewasaidia ndugu na marafiki kadhaa kutafuta kamera ya zawadi yenye kitundu cha kuchungulia bila kufilisika.

Mtazame kwanza unayemnunulia

Kabla ya kufungua tovuti yoyote ya duka, jua mambo matatu kuhusu mtu huyo. Je, anavaa miwani, na ni ya kuona mbali au ya kusomea? Anachungulia kwa jicho gani? Je, ana lenzi za zamani kabatini?

Suala la miwani ndilo lililonifungua macho. Mtu wa makamo ambaye anaona mbali vizuri lakini hawezi kusoma bila miwani atahangaika na skrini ya kamera, kwa sababu skrini iko karibu. Kitundu cha kuchungulia kina lenzi ndani yake inayoifanya picha ionekane kana kwamba iko umbali wa mita moja hivi. Baba akichungulia, anaona picha na maandishi ya ndani bila miwani. Akiondoa kamera usoni, anamwona mtu anayempiga picha, bado bila miwani. Kwa mtu wa namna hiyo, kamera isiyo na kitundu ni kazi ya kuvaa na kuvua miwani siku nzima.

Pembeni mwa kitundu kwa kawaida kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha uoni. Kikizungushwa, picha ya ndani inakaa sawa na jicho la mtumiaji. Hakikisha kipo, maana baadhi ya kamera za bei ya chini kabisa hazina. Kama mtu havui miwani yake kamwe, tafuta kwenye maelezo ya kiufundi kipimo cha umbali wa jicho (eye relief), kinachoandikwa kwa milimita. Kinaeleza jicho linaweza kukaa mbali kiasi gani na kioo huku likiona fremu nzima. Milimita 20 au zaidi ni nafuu kwa mvaa miwani. Chini ya hapo pembe za picha huanza kumpotea.

Anayechungulia kwa jicho la kushoto apewe kamera yenye kitundu katikati, juu ya lenzi. Kamera kama Sony a6000 ina kitundu kwenye kona ya kushoto. Kwa mwenye jicho la kulia hilo ni raha, kwa sababu pua inabaki nje. Mwenye jicho la kushoto atabandika uso wake wote kwenye skrini.

Aina za vitundu

Kuna kamera ndogo za zamani, kama Canon PowerShot G12, zenye kitundu cha kioo kitupu kilichopita juu ya lenzi. Hakioneshi kile hasa ambacho lenzi inaona, kinakata kingo za picha, na ukipiga kitu cha karibu unakosa shabaha. Ni bora kuliko kutokuwa nacho kwenye jua kali. Mimi singekinunua kama zawadi.

Kisha kuna kamera za kioo cha ndani, zile zinazoitwa DSLR. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unadunda kwenye kioo, unakuja hadi jichoni. Unaona dunia yenyewe, bila kuchelewa hata kidogo, na betri haitumiki kwa kutazama tu. Ndiyo maana Nikon D3500 ya mwaka 2018 imepimwa kupiga picha 1,550 kwa chaji moja. Kitundu chake kinaonesha asilimia 95 ya picha, hivyo kingo hupata kitu kidogo ambacho hukukiona. Kampuni kubwa zimehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, kwa hiyo hizi za kioo zilizotumika zinapatikana kwa bei ya kupendeza. Mwenye mfuko mdogo aanzie hapa.

Aina ya tatu ni kitundu cha kielektroniki, yaani skrini ndogo sana iliyowekwa nyuma ya lenzi ya jicho. Uzuri wake ni kwamba unaona picha itakavyotoka kabla ya kubonyeza. Ikiwa giza, unaiona giza, unarekebisha. Anayeanza kujifunza hufaidika sana na hilo. Gizani hata hivyo picha ya ndani huwa na chenga, na betri huisha mapema, mara nyingi baada ya picha 300 hivi. Ubora wake hupimwa kwa nukta. Sony a6000 ya 2014 ina nukta milioni 1.44, inayotosha. Canon EOS M50 ya 2018 na Olympus E-M10 Mark II ya 2015 zina milioni 2.36, na tofauti utaiona mara moja. Ila jua kwamba Canon wameufunga ukoo wa EOS M. Kwa mtu atakayeridhika na lenzi moja au mbili, hilo halina uzito.

Kuna pia kamera za zumu ndefu, mfano Panasonic FZ82 inayovuta kama lenzi ya milimita 1,200 ya kamera ya filamu. Zinavutia, na mpenzi wa ndege atafurahi. Lakini sensa yake, yaani kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, ina upana wa milimita 6 hivi, na ile ya D3500 ina eneo kubwa kwa takriban mara 13. Jioni ikiingia ndani ya nyumba, utaijua tofauti hiyo kwenye nyuso za watu.

Pacha wasiofanana

Hapa ndipo watu wengi wazuri wanapopotea. Kampuni hutengeneza kamera mbili za ukoo mmoja, moja na kitundu na nyingine bila. Nikon Z 50 inacho, Z 30 haina. Sony a6000 inacho, a5100 haina. Canon M50 inacho, M200 haina. Olympus E-M10 inacho, zile za E-PL hazina. Picha ya tangazo hupigwa kwa mbele, na kwa mbele huwezi kujua kila mara. Tazama picha ya mgongo wa kamera. Kama juu ya skrini au pembeni mwake hakuna kidirisha chenye mpira mweusi kuzunguka, endelea kutafuta.

Soma pia kama bei ni ya kamera pamoja na lenzi, au ni ya mwili mtupu. Lenzi inayokuja na kamera, kama ile ya milimita 18–55, inatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu lenzi za zamani, usidhani zitafaa kwa kuwa jina ni lilelile. Lenzi za Canon EF, zilizoanza 1987, zinafanya kazi kwenye DSLR zote za EOS, lakini zile za FD za kabla yake haziingii. Kwa Nikon, lenzi ya milimita 50 ya baba iliingia bila shida kwenye D3500 niliyomnunulia safari ya pili, ila kamera hiyo haiipimii mwanga, na kulenga ni kwa mkono. Kwake ni sawa kabisa. Anapiga picha moja ya majaribio, anaikagua kwenye skrini, anarekebisha.

Ukinunua iliyotumika

Chungulia kwanza. Vumbi ndani ya kitundu linaudhi lakini haliingii kwenye picha. Kama kitundu ni cha kielektroniki, sogeza jicho, kwa kamera nyingi kinapaswa kuwaka chenyewe papo hapo. Mpira wa kuzunguka kitundu ukiwa umechanika si tatizo, kwani wa kubadilisha ni rahisi kupata. Mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hizo ni kuvu, iache. Kisha punguza tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi f/16, yaani liwe dogo, piga ukuta mweupe, kuza picha utafute madoa ya sensa. Shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha, kwa kamera za daraja hili hupimwa kwa mipigo 100,000 hivi. Kamera za Nikon huandika idadi ya mipigo ndani ya faili ya picha, na zipo programu za bure za kuisoma. Muuzaji akikataa kukutumia picha halisi isiyohaririwa, mwache.

Megapikseli usizikimbilie. Zote nilizotaja zina za kutosha kuchapisha picha ya kutundika ukutani. Fedha uliyookoa nunua betri ya pili, kadi ya kumbukumbu mpya na mkanda wa shingoni ulio laini.

Siku ya kuitoa zawadi

Chaji betri usiku wa kuamkia siku hiyo. Weka kadi, iumbize (format) humohumo ndani ya kamera, panga tarehe na saa. Kazi hizi zikimsubiri mwenye zawadi, furaha inapoa akiwa bado anasoma kijitabu.

Kigurudumu cha uoni tu ndicho usikiguse, kwa sababu jicho lako si lake. Mwambie achungulie, atazame yale maandishi ya chini na si picha yenyewe, azungushe mpaka herufi ziwe kali. Baba alikizungusha huku, akakirudisha kidogo. "Hapo hapo," akasema, na kabla sijamwonesha kitufe cha kitu kingine chochote alikuwa ameshamgeukia mama.