Kuongeza nguvu injini ya 2F ya Land Cruiser ya zamani, kwa sisi wa nyanda za juu

Mbeya mjini tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukishika barabara ya Chunya unapanda zaidi. Kwa hewa nyepesi namna hii, injini isiyo na tabochaja hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Kwa hiyo mwenye FJ40, Land Cruiser fupi ya zamani, anayelalamika gari ni zito, aanze kudai kilichopotea kabla ya kuwaza kung'oa injini na kupachika V8. Silinda sita hizi za mstari mmoja, zenye ujazo wa sisi (cc) 4,230, bado zina mengi ya kutoa.

1. Pima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote sita nje, pedali ya mafuta chini kabisa, piga staata mpaka mshale wa geji utulie. Namba itakuwa chini ya ile ya kitabu. Usishtuke, hewa yetu si ya pwani. Wengi wameshabadilishiwa ringi za pistoni ambazo bado ni nzima kwa sababu hiyo tu. Linganisha silinda na silinda. Moja ikiachwa nyuma kwa zaidi ya asilimia 10, tia kijiko cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka; isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi. Injini ya hivyo ifunguliwe kwanza, mapambo baadaye.

2. Manifoldi. Ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja, zimefungwa pamoja na zinatumia gasketi moja. Zikipinda, zinavuta hewa ya pembeni na sailensa (mngurumo wa injini gari likiwa limesimama) haitulii. Zipeleke kusawazishwa uso zikiwa zimeungana. Ukisawazisha moja moja hazitakaa.

3. Moto. Toa pointi na kondensa, weka distribyuta (kigawa moto wa plagi) ya elektroniki. Mpangilio wa nyaya ni 1-5-3-6-2-4. Gololi iliyo kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, ni alama ya digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu. Huku kwetu sogeza timingi, yaani wakati wa cheche, mbele kidogo kidogo kwa kuzungusha distribyuta, panda mlima ukiwa na gia kubwa, ukisikia injini inagonga rudisha nyuma.

4. Kabureta. Hewa ikipungua, mafuta yanazidi. Badili jeti kuu (tundu la kupitisha mafuta) kwa ndogo yake, hatua moja tu, kisha panda kuelekea Chunya, zima gari hapo hapo mlimani, toa plagi. Nyeusi yenye masizi: punguza tena. Kahawia hafifu: acha. Nyeupe: umepitiliza, na valvu zitaungua.

5. Hedi. Hapa ndipo penye nguvu ya kweli. 2F ilitoka kiwandani na uwiano wa kompresheni wa 7.8 kwa 1, mdogo mno kwa milimani. Usimwambie fundi wa mashine “saga kidogo” bila kipimo. Laza hedi chali, chemba zikitazama juu, valvu zikiwa ndani, funika chemba kwa kioo chenye tundu, jaza mafuta ya taa kwa sirinji, andika sisi zake. Kila silinda ina sisi 705. Ukisaga hedi mpaka nafasi inayobaki juu ya pistoni ipungue kwa sisi 10 hivi, unafika 8.5 kwa 1. Mimi naishia hapo. Chemba zote sita zilingane, na gasketi iwe mpya.

Ukishafunga, washa ipate moto vizuri, kisha rekebisha tapeti (mwanya wa valvu): valvu za kuingiza milimita 0.20, za kutoa moshi 0.35. Rejeta isafishwe pia, maana joto litaongezeka.

Siku ya safari ya Dar es Salaam, kumbuka kwamba ukishashuka Kitonga hewa inakuwa nzito, na timingi ya Mbeya itaanza kugonga. Beba spana ya distribyuta, simama ukifika chini, rudisha timingi kwenye alama ya gololi.