Jinsi ya kuandika ripoti fupi ya biashara ya darasani, kuanzia barua ya utambulisho hadi kukabidhi

Mwalimu akisema "leteni ripoti isiyo rasmi kuhusu biashara moja", wengi huona wameruhusiwa kuandika ovyo. Kinachopungua ni mapambo tu: hakuna jalada, hakuna ukurasa wa yaliyomo, hakuna sura tano kama za ripoti ya field, yaani mafunzo kwa vitendo. Unaandika kurasa 2 au 3 kwa muundo wa dokezo la ofisini, zimsaidie mtu mmoja kuamua jambo moja. Mtu huyo ni mwenye biashara. Mwalimu anasahihisha tu.

Kwanza omba barua ya utambulisho, kwenye ofisi ya idara au popote chuo chako kinapoelekeza. Peleka jina kamili, namba ya usajili, jina la biashara na tarehe mtakazokwenda. Mkiwa kikundi, majina yote yaingie kwenye barua moja. Iombe mapema, maana mwenye mhuri hakosi safari. Usidharau karatasi hiyo. Mwenye duka akiona kijana na daftari anauliza habari za mauzo, anachowaza kwanza ni TRA au watu wa halmashauri. Toa kopi mbili, moja umwachie, nyingine akusainie kuwa ameipokea.

Nenda saa ambazo duka limetulia. "Shikamoo mama, tumetoka hapo chuoni, tunaomba dakika chache tukuulize kuhusu kazi yako." Usianze na "faida ni kiasi gani?", hakuna atakayekujibu ukweli. Uliza vitu vinavyohesabika. Tuseme umechagua steshenari ya getini: muulize anamaliza rimu ngapi kwa wiki. Rimu moja ni karatasi 500, kwa hiyo kopi anazotoa utazipata mwenyewe bila kumgusa mfukoni.

Sasa chagua swali moja. "Changamoto za steshenari" si swali, ni kapu. "Je, anunue mashine ya pili ya fotokopi?" ndilo swali, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kaa pembeni uhesabu wanaoacha foleni na kuondoka. Tuseme kwa siku anapoteza kopi 300, kila kopi ni shilingi 100, na karatasi, wino na umeme vinakula 60. Zinabaki 40. Mashine ya shilingi 1,800,000 inahitaji kopi 45,000 za ziada ili irudishe fedha yake. Kwa siku 6 za kazi ni kopi 1,800 kwa wiki, hivyo wiki 25. Inavutia! Lakini foleni hiyo umeiona lini? Kama ilikuwa msimu wa UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, na hali hiyo hudumu wiki 4 kila muhula, basi kwa mwaka mzima una wiki 8 tu. Hapo mashine itachukua zaidi ya miaka 3 kujilipa, na bado hujagusa matengenezo. Pengine ushauri bora ni akodi mashine wakati wa mitihani, au apokee kazi za WhatsApp usiku na kuzitoa kabla foleni haijaanza. Hesabu ya namna hii ndiyo inayokupa alama, si historia ya ujasiriamali uliyoinakili.

Kuandika sasa ni kwepesi. Juu weka KWA, KUTOKA KWA, TAREHE na YAH, kila kimoja mstari wake. Kwenye YAH andika jambo lenyewe: "Ununuzi wa mashine ya pili ya fotokopi". Aya ya kwanza itoe jibu palepale: asinunue mwaka huu, akodi wakati wa mitihani. Zifuate jinsi ulivyokusanya takwimu (sentensi 2 zinatosha), ulichokuta, jedwali moja dogo, kisha mapendekezo yenye nani afanye nini na lini. "Tuliona" na "tunashauri" zinaruhusiwa. Lugha ya kijiweni hapana. Kama kozi inafundishwa kwa Kiingereza na mahojiano yalikuwa ya Kiswahili, hifadhi maneno ya mama kwenye daftari kama alivyoyasema, yasije yakabadilika maana ukitafsiri.

Picha za ujumbe wa lipa namba usizibandike zilivyo, kwa sababu zina majina na namba za wateja, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andika jumla tu. Jina la duka nalo liandike kama mwenyewe ameridhia.

Siku ya kukabidhi, ambatisha kopi ya barua iliyosainiwa na usaini daftari la mapokezi. Kama kazi inapakiwa kwenye mfumo wa chuo, hifadhi uthibitisho wake, kwani mtandao huelemewa saa za mwisho. Ukishapata maksi, mpelekee mama nakala safi kabla msimu wa mitihani haujaanza.